Programu ya Kukusanya Watoto wa Mama

Rumonge, 4 Machi 2003

Mdogo wangu Asiya,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Buyenzi, na Assumani wa mtumbwi aifikishe ikiwa kavu. Safari iliyopita aliilaza chini ya pipa la mawese, ukanijibu kwamba ulisoma salamu tu, yaliyobaki yalikuwa mafuta. Leo nimemwambia aitie ndani ya kofia na kofia aivae.

Sisi wazima. Barabara haipitiki kwa vita, wiki ya pili sasa, mawese yanakwenda kwa mtumbwi wa mashine, na mimi nimenunua kompyuta. Usicheke. Ule mradi wa kilimo wa Kigwena umefungwa, wenyewe wameondoka na wameuza viti, madirisha, mpaka kengele ya mlangoni. Mimi nikachukua kompyuta kwa mapipa mawili ya mawese. Mke wangu hajanisemesha tangu Jumanne iliyopita, kwa hiyo nina nafasi nzuri ya kuandika.

Unajua mimi si mpiga picha wa kazi. Kazi yangu ni mawese sokoni. Picha napiga kwa kupenda tu, na tangu binamu aniletee hiki kikamera kisichokula filamu napiga hata kuku. Lakini safari hii si mchezo. Macho ya mama yamezidi. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na tarehe 28 Julai madaktari wa macho watakuja hospitali hapa wamfanyie upasuaji. Mama anaogopa. Anadhani wakimgusa na kisu huenda asione tena kabisa. Hivyo ameomba kitu kimoja: kabla ya siku hiyo anataka picha moja, yeye na watoto wake watatu pamoja, uani kwake. Sisi watatu hatujakaa mahali pamoja miaka tisa. Wewe uko Bujumbura, mimi hapa, kaka Abasi Kigoma. Nikamwambia, mama, picha utaipata. Hakuniuliza itapatikanaje, nami sikumweleza.

Nasikia ziko programu za kompyuta zinazoweza kumtoa mtu katika picha moja na kumsimamisha katika nyingine. Wewe unafanya kazi kwenye sekretariati ya kuchapa, unashinda na mashine hizo. Niambie nichague ipi. Pia mwandikie kaka Abasi atume picha yake, maana mimi hanijibu. Sababu unaijua.

Kaka yako,
Hamidou


Bujumbura, 15 Machi 2003

Kaka Hamidou,

Aleikum salaam. Barua imefika kavu ila inanuka kichwa cha Assumani.

Sababu ya kaka Abasi kutokujibu si mimi peke yangu ninayeijua. Ulimpiga picha thelathini na sita siku ya harusi yake na katika zote thelathini na sita hana kichwa. Watu wa upande wa wifi walikaa na albamu ile wakiulizana binti yao ameolewa na nani. Yeye anaamini ulifanya makusudi. Mimi nimemtetea kila mara, nasema kaka Hamidou hana ubaya, hajui tu.

Sasa programu. Swali lako lina kasoro, maana umeniuliza iliyo nzuri kabla hujaniambia kompyuta yako ina nguvu gani. Ziko tatu ninazozijua. Ya kwanza umekwisha kuwa nayo, imo katika sidii iliyokuja na kamera. Ni nyepesi. Inageuza picha iliyolala, inaondoa macho mekundu na inaweka urembo pembeni. Kuhamisha watu haiwezi. Ya pili ndiyo wanayotumia wenye studio hapa mjini. Inafanya kila kitu, ila ni nzito na inataka kompyuta yenye kumbukumbu kubwa, na hizi zinazouzwa hapa sokoni ni nakala za wizi, sikufichi. Ya tatu ni ya bure kabisa. Imetengenezwa na watu wa kujitolea, inapatikana kwenye mtandao, inahamisha watu vizuri lakini sura yake inachosha na hakuna atakayekufundisha isipokuwa mimi kwa barua.

Angalia kompyuta yako ina kumbukumbu kiasi gani, kisha uniandikie. Usichague kwa ukubwa wa jina. Kaka Abasi nitamwandikia leo.

Mdogo wako,
Asiya


Rumonge, 2 Aprili 2003

Mdogo wangu Asiya,

Nimefikiri sana na nimechagua ile kubwa. Mtu akitaka kumfanyia mama yake jambo hapunguzi.

Ile ya kamera nimeijaribu, imeniharibia. Nilimpiga mama picha nzuri, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, nikamzungushia yale maua ya urembo, nikaichapisha kwenye studio ya sokoni. Mke wangu akaichukua kumwonyesha. Mama akaisogeza puani, akaangalia, akauliza amekufa lini na kwa nini hakuna aliyemwambia. Jirani yetu Naomie, yule mama wa kutoka Fizi, akasema kwao maua ya namna ile huwekwa juu ya jeneza. Nimeifuta.

Kumbukumbu ya kompyuta ni sitini na nne. Sijui sitini na nne za nini, lakini naona ni nyingi. Tatizo pekee ni vibonye vyake. Mikono yangu ni ya mawese, na sasa herufi za katikati zimekuwa nyekundu na ile ya A haionekani. Naibonyeza kwa kukisia.

Tafadhali nitumie hiyo kubwa, na picha ya Abasi ikija uniwekee kwenye disketi. Mama ameuliza mara mbili.

Hamidou


Kigoma, 11 Aprili 2003

Asiya,

Salamu zako nimepokea, sisi wazima, cherehani inazunguka. Habari ya macho ya mama imenikata maini. Nimekaa na barua yako kutwa nzima, wateja nikawaambia warudi kesho.

Picha natuma, nimeipiga studio, nzima kuanzia nywele hadi viatu. Lakini nina masharti. La kwanza, Hamidou asiiguse. Akishika picha yangu atanikata tena, nami sasa nina watoto wanaojua kusoma. Tafuta fundi wa kweli huko mjini. La pili, nisimame kuume kwa mama, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. La tatu, viatu vionekane. Ni vipya.

Kama ningeweza kuja ningekuja. Wanasema huko ziwani watu husimamishwa na askari, na mtu wa Kigoma huulizwa maswali yasiyoisha. Mwambie mama hivyo. Au usimwambie.

Kaka yako mkubwa,
Abasi


Bujumbura, 20 Aprili 2003

Kaka Abasi,

Picha imefika, viatu ni vizuri sana. Usiwe na wasiwasi. Kazi nimempa fundi mmoja makini, ana kompyuta yake mwenyewe na hafanyi haraka. Kuume kwa mama ni kwako.

Asiya


Rumonge, 9 Mei 2003

Asiya,

Sidii imefika. Aliyekuuzia alikuapia bure kwamba ni ya Kifaransa, maana ni ya Kijerumani. Nimemtafuta padri mmoja anayekijua, akaja, akasoma neno la kwanza akasema maana yake ni "hariri", la pili akasema maana yake ni "tabaka", akala wali, akaondoka. Niko na maneno mawili.

Hata hivyo nilijaribu. Umeme huku hurudi saa nane mchana. Saa nane na robo nikaifungua. Saa tisa ilikuwa bado inafunguka. Saa tisa na nusu nikaona jicho la kushoto la mama, kubwa kujaza kioo kizima. Nikasubiri la kulia. Likaja saa kumi, na umeme ukaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu kioo kikajaa mistari na kompyuta ikazimika yenyewe, kukawa na harufu ya waya.

Nimebakiwa na miezi miwili na nusu. Jana mama alimshika mtoto wa Naomie kichwani akamwita kwa jina langu. Nilitoka nje nikalia, Asiya, kisha nikarudi nikauza mawese. Nilitaka makubwa na nimepoteza mwezi. Nitumie ile ya bure.

Hamidou


Bujumbura, 25 Mei 2003

Kaka Hamidou,

Usilie. Sitini na nne ni kidogo kwa ile kubwa, nilikuandikia uangalie ukaangalia na bado ukachagua kwa jina. Tumalize hilo.

Programu ya bure hii hapa, disketi kumi na moja. Kuivuta kwenye mtandao nilitumia siku tatu za mapumziko ya mchana. Pale bandarini askari alizihesabu akataka kujua kuna nini ndani. Nikamwambia ni programu ya kutengeneza picha. Akasema basi nimwonyeshe picha. Nikasema haimo picha, imo programu. Akasema programu ya picha isiyokuwa na picha ni ya nini. Tulikaa hapo saa nzima, yeye akiiweka disketi kwenye jua na kuitazama kwa jicho moja. Mwishowe nikamwahidi kwamba siku moja nitamtengenezea picha amesimama karibu na ndege. Akaandika jina lake kwenye disketi ya saba ili nisisahau. Usiifute.

Fuata haya. Kila mtu muweke kwenye tabaka lake, ukikosea unamfuta mmoja bila kuwaua wengine. Hifadhi kila baada ya dakika tano, umeme ukiondoka usipoteze. Ukikosea kuna amri ya kurudi nyuma, iko juu kushoto. Nywele za watu zikate polepole. Angalia jua linatoka upande gani, vivuli vyote viende upande mmoja. Programu hii haitakupendeza kuiangalia, lakini kompyuta yako inaiweza, na programu inayofunguka ni bora kwako kuliko inayosifiwa.

Picha ya Abasi na yangu zimo disketi ya kumi na mbili, ile niliyomficha askari. Yake nyuma ina maporomoko ya maji ya kuchorwa, itabidi umtoe majini. Yangu nilipigwa ofisini. Ukipata nafasi, hapa kiunoni nipunguze kidogo. Kidogo tu, mama asitambue.

Na kaka Abasi asijue kwamba ni wewe. Nimemwambia ni fundi.

Asiya


Rumonge, 12 Juni 2003

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeweza. Barua hii ibandike ukutani.

Wiki ya kwanza nilimkata Abasi mara tisa. Mara ya nne nilipoteza sikio, nikatumia amri ya kurudi nyuma likarudi. Nimekaa nikafikiri, kama mtu angekuwa na amri ile siku ya harusi ya Abasi. Nywele zake nimezifanya moja moja kwa siku mbili, na nilipofika usoni nikagundua amezeeka kama baba. Sikuwa nikijua. Nimekaa na uso wake mkubwa kwenye kioo nikazungumza naye kidogo, mke wangu akaniuliza ninaongea na nani.

Sasa picha iko hivi. Mama katikati kwenye kigoda. Abasi kuume, viatu vyote viwili. Wewe kushoto, na kiuno nimekipunguza ila mkono ulipungua pamoja nacho, nikautengeneza tena. Mimi nimejisimamisha pembeni kabisa. Nafasi ya Abasi ilikuwa ngumu kwa kuwa nyuma kuna ukuta, nikamsogeza mbele kidogo, pale palipo na mkeka.

Nakutumia disketi. Ichape kwenye ile mashine yenu nzuri, kubwa, mama aione bila taabu.

Fundi wako,
Hamidou


Bujumbura, 19 Juni 2003

Kaka Hamidou,

Nimeichapa kwenye karatasi nzito, na nakala moja nimempelekea kaka Abasi. Wenzangu ofisini wameuliza hii sherehe ilikuwa lini. Bosi akasema nilitoroka kazi. Nimejivunia wewe, nasema kweli. Mpe mama, kisha unieleze alivyofurahi, neno kwa neno.

Asiya


Rumonge, 29 Juni 2003

Kwa Abasi na Asiya, watoto wangu,

Ni miye mama yenu Mwanahamisi nasema, Naomie anaandika. Amahoro, amani kwenu.

Picha nimeiona. Hamidou ameniletea, nimeiweka karibu na jicho, nimeiangalia asubuhi mpaka adhuhuri. Mulifika kwangu. Mulisimama mu lupango yangu, hapa uani, mbele ya jiko yangu, sufuria iko kwenye moto. Munasimama, munapigwa picha, munaenda zenu. Hata maji hamukuonja. Hata "hodi mama" sikusikia. Mutu anaingia kwa mama yake miaka tisa hayamuona na anatoka na njaa, hiyo iko tabia gani? Miye niko na macho mabaya, lakini masikio iko mazima.

Abasi, wewe ndiye mukubwa. Wewe umesimama na viatu juu ya ndagala zangu, dagaa zangu za kula. Nilizianika pale kwenye mkeka, na wewe uko juu yake, unacheka. Nilikuzaa kule kijiji ya Kizuka mu mvua, na hujapata siku moja kukanyaga chakula. Ni Kigoma imekufundisha?

Asiya, umekonda. Hawakupe chakula huko. Ungeketi, ningekupa.

Nimeuliza majirani. Mama Radjabu anasema kweli alimuona Abasi akipita, alikuwa anaharakisha. Basi iko hivi. Madaktari wanakuja tarehe makumi mbili na munane. Miye siendi. Mutu mwenye watoto wake wanamukimbia, macho ni ya kuona nini? Mutakuya, mutakula kwangu, muniombe radhi, halafu nitaenda. Kama hamukuya, nabaki na macho haya.

Mama yenu

(Mimi Naomie: nimemwomba alainishe maneno, amekataa. Amenifanya nimsomee mara tatu ahakikishe sijalainisha.)


Rumonge, 30 Juni 2003

Asiya,

Nakuandikia nikiwa nimejificha ghalani, nyuma ya mapipa.

Mkeka ule ulikuwa wa ndagala. Kwenye kioo changu zilionekana kijivu tu, nikadhani ni mkeka mchakavu. Wiki mbili nzima nimeshughulika na nywele za Abasi, sikuangalia chini.

Nimejaribu kumweleza. Nikamwambia, mama, hawakuja, nimewaweka kwa kompyuta. Akasema, "Usimutetee kaka yako. Wewe kila siku munagombana, leo unamufichia." Nikamwambia twende nikuonyeshe. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikawasha, umeme ukaondoka. Akapapasa meza, akasema, "Hapa ndani ndiko Abasi anaishi?" Akaenda zake. Sasa mtaa mzima unasema habari ya Abasi na ndagala. Kuna mzee mmoja sokoni ameapa kwamba alimuuzia sigara.

Hospitali wameandika jina la mama kwenye orodha. Asipokwenda, hawarudi tena kabla ya mwaka kwisha, na daktari amesema mwaka ni mwingi kwa macho yale. Asiya, ni mimi nimefanya hivi. Nilitaka kumpa picha na nimemnyima macho. Kama kuna amri ya kurudi nyuma kwa jambo hili, niandikie iko wapi.

Hamidou


Kigoma, 14 Julai 2003

Hamidou,

Sijakuandikia miaka tisa, na leo sina salamu ndefu.

Nimepokea barua ya mama. Nimepokea na picha. Niliitazama nikasema fundi huyu wa Bujumbura ni hodari, kichwa chote kipo, mpaka mvi. Nikaiweka dukani wateja waione. Kisha Asiya akaniandikia ukweli, kwamba fundi ni wewe. Nilikasirika mpaka sindano ikanichoma kidole. Halafu nikakaa nikahesabu nywele. Mtu hawezi kumkata mtu kwa uangalifu ule akiwa na nia mbaya naye. Ya harusi nimeyaacha.

Lakini ya ndagala siyaachi. Hapa Kigoma kuna watu wetu wengi, na habari imevuka ziwa. Jana mteja alinipa kitambaa cha suruali akaniomba nisikikanyage. Sikubali mama yangu afe akiamini kwamba nilimkanyagia chakula na kuondoka bila kumwamkia. Nakuja kujitetea mwenyewe. Nimepata mtumbwi wa wavuvi, tunaondoka Jumatano ijayo, Mungu akipenda. Nikisimamishwa nitawaambia naenda kumuomba mama radhi, na wakiniuliza kosa nitawaonyesha picha.

Sitavaa viatu.

Abasi


Bujumbura, 18 Julai 2003

Kaka Hamidou,

Wiki nzima sikuandika kwa sababu ya mizinga iliyopigwa mjini. Tulilala chini ya meza za ofisi na kompyuta juu yetu. Sasa kumetulia kidogo. Mimi mzima.

Nikiwa chini ya meza niliwaza kitu kimoja. Nilikuwa nikisema siji kwa kuwa njia ni mbaya. Kumbe na hapa nilipo ni pabaya. Bosi nimemuaga. Amesema mara hii ya pili nakwenda kwenye sherehe ileile. Assumani atanichukua Jumamosi ya tarehe 26 pamoja na mapipa matupu. Mwambie mama apike.

Asiya


Bujumbura, 10 Agosti 2003

Kaka Hamidou,

Nimerudi salama. Kanga yangu inanuka mawese na sitaki kuifua.

Bado nacheka peke yangu ofisini. Nakumbuka kaka Abasi alivyoingia miguu mitupu, viatu mkononi, akapiga magoti mlangoni na kuanza kujitetea kabla ya salamu, na mama akamwambia kwanza ale. Nakumbuka sahani tatu, na mama akipapasa kila moja kwa kidole kuona kama imekwisha. Nakumbuka nyinyi wawili mlivyobishana pale hospitali juu ya nani amshike mkono wa kuume, hadi muuguzi akawaambia mkono una mwenyewe. Na walipomfungua kitambaa, akatutazama mmoja mmoja, mpaka kaka Abasi akaanza tena kujitetea.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Katika siku zote nne hakutaja ndagala hata mara moja. Mwulize. Alijua tangu lini kwamba picha ile haikuwa ya kweli?

Na nitumie picha za siku zile nizichape. Programu ya bure ikikushinda kuzing'arisha, niandikie.

Asiya


Rumonge, 30 Agosti 2003

Mdogo wangu Asiya,

Mama anakusalimu. Anaona mpaka ng'ambo ya ziwa, na sasa hakuna anayepumua hapa nyumbani. Ameona vumbi chini ya kitanda changu la miaka mitatu. Ameona na vibonye vya kompyuta, akavisugua kwa majivu. Herufi zote zimeondoka, sasa nabonyeza zote kwa kukisia.

Nilimuuliza. Alikuwa anafagia ua, hakusimama. Akasema, "Miye hii lupango nafagia kila asubuhi. Hata kuku akipita namuona asubuhi, miguu yake iko pale muchangani. Watu watatu wasimame, wasiache hata kidole? Nilijua siku ileile."

Nikamwambia, kwa nini basi ulifanya ukali, ukagoma hospitali, ukatutia hofu namna ile. Akasema, "Ningewaambia picha ni muzuri, mungeshukuru na mungebaki kwenu. Niliwaambia mumenikosea. Mukakuya."

Nikachukua fagio nikamalizia upande wa jikoni.

Kuhusu picha, Asiya, nina aibu. Nimeifungua kamera, hakuna. Siku nne, sisi wote watatu, mama katikati, na mimi mwenye kupenda picha kuliko watu wote wa Rumonge sikubonyeza hata mara moja. Ilikuwa imening'inia mlangoni. Nilikuwa na sahani mkononi, au mkono wa mama, au Abasi alikuwa anaongea. Nimemwandikia na yeye, amejibu kwamba hata hakuiona hiyo kamera.

Nilikwenda kwa mama nikamwambia ukweli. Nikamwambia pia asihuzunike, sasa naijua programu vizuri, jua najua linatoka wapi, mikeka naiangalia. Nikipata wiki mbili nitamtengenezea nyingine, ya siku zile hasa, watu wote wakiwa na chakula mikononi.

Akaniangalia kwa yale macho mapya mpaka nikatazama chini.

"Acha," akasema. "Hiyo iko ya mutu mwenye hakukuya. Nyinyi niliwaona."

Kaka yako,
Hamidou